Je, minara ya Marekani ni ushahidi kwamba taifa hilo liliasisiwa kuwa la Kikristo?

Msomaji Makini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kusoma historia ya kuasisiwa kwa Marekani. Ipo hoja inayotolewa mara kwa mara, hasa na wahubiri na waandishi wa nchi hiyo, kwamba mtu akitaka kujua taifa lile lilijengwa juu ya nini hana haja ya kupekua nyaraka. Atazame minara yake tu. Wanaonyesha ncha ya mnara wa George Washington jijini Washington, iliyochorwa maneno ya Kilatini, *Laus Deo*, yaani sifa kwa Mungu. Wanaonyesha mnara wa Plymouth katika jimbo la Massachusetts, ambako mwanamke wa mawe anayewakilisha Imani amesimama juu ya wenzake wote, mkono mmoja ukielekea mbinguni na mwingine ukiwa umeshika Biblia. Wanaonyesha sanamu ya Nabii Musa kwenye jengo la Mahakama ya Juu, na kuta za kumbukumbu za marais Thomas Jefferson na Abraham Lincoln, ambazo zimechongwa jina la Mungu.

Wanaowapinga hujibu kwa Katiba ya 1787, ambayo haikumtaja Mungu katika vifungu vyake, na kwa mkataba uliofanywa na dola ya Tripoli ya Afrika Kaskazini, ambao Seneti iliuridhia mwaka 1797 bila kura hata moja ya kuupinga, na ambao kifungu chake cha 11 kinatamka kwamba serikali ya Marekani haikujengwa kwa maana yoyote juu ya dini ya Kikristo.

Sitafuti jibu la kumfurahisha muumini wala asiyeamini. Ninachotaka kujua ni namna mtu mwadilifu anavyopaswa kuusoma ushahidi wa aina hizi mbili. Mawe yakisema hivi na karatasi ikisema vile, tusadiki kipi? Na je, ni kweli kwamba vinapingana?

Kalamu ya Kale alijibu:

Ndugu Msomaji Makini, swali lako ni zuri, nami ningependa kulianza mahali ambapo wengi hawaanzii, nalo ni mwaka wa kila jiwe. Mnara ni ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi wa watu walioujenga na wa hofu na matumaini ya kizazi chao, kabla haujawa ushahidi wa watu unaowakumbuka. Ukizipanga tarehe tu, sehemu kubwa ya mgongano unaouona inalegea.

Chukua mnara wa Washington. Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 4 Julai 1848, karibu miaka 50 baada ya kifo cha Washington mwenyewe, katika ibada iliyoongozwa na Freemason, na Biblia iliwekwa ndani ya jiwe hilo pamoja na vitu vingine vingi. Ncha yake ya alumini, yenye maneno ya Kilatini uliyoyataja, ilipachikwa tarehe 6 Desemba 1884. Washington hakuyachagua maneno hayo, na wala hakuna mtu wa kizazi chake aliyekuwa hai wakati huo. Tena maneno hayo yako upande wa mashariki tu. Pande nyingine zimejaa majina ya wajumbe wa tume ya ujenzi, majina ya wahandisi na mafundi, na tarehe za kazi. Yako mita 169 kutoka ardhini, ambako mpita njia hawezi kuyasoma, na kwa sababu hiyo nakala ya ncha hiyo huonyeshwa chini kwa wageni. Walioyaandika bila shaka waliyaamini. Lakini wanachotuambia ni imani ya watu wa 1884 waliomaliza kazi iliyokuwa imekwama kwa zaidi ya miongo miwili.

Na hapo ndipo penye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kina mafunzo kuliko ncha yenyewe. Jumuiya iliyoujenga mnara iliomba mawe ya ukumbusho kutoka majimbo, miji, vyama na mataifa ya kigeni, ili yapachikwe kwenye kuta za ndani. Sultani Abdulmejid wa dola ya Uthmaniya alileta jiwe lake. Papa Pius IX naye alileta jiwe la marumaru kutoka Roma. Waprotestanti wengi wa wakati ule walilipokea jiwe la Papa kwa ghadhabu, wakiliona kuwa ni mguu wa Kanisa Katoliki ndani ya nyumba yao, na usiku mmoja wa Machi 1854 watu walimteka mlinzi, wakalichukua, na halikurudi tena. Chama cha siasa kilichoitwa Know-Nothing, kilichokuwa kikiwapinga wahamiaji na Wakatoliki, kikaiteka jumuiya yenyewe, michango ikakauka, na mnara ukabaki gofu lisilo na kichwa kwa zaidi ya miaka 20. Mpaka leo rangi ya mawe hubadilika kiasi cha mita 46 kutoka chini, mahali ambapo ujenzi ulisimama. Jiwe jingine la Papa liliwekwa mwaka 1982. Kwa hiyo anayeuonyesha mnara huo kama ushahidi wa taifa lililokuwa na imani moja inampasa atueleze pia ile rangi mbili: ni alama ya Wakristo waliogombana na Wakristo wenzao juu ya nani ana haki ya kuwamo ndani.

Sasa nyaraka. Azimio la Uhuru la 1776 linamtaja Mungu mara nne, kama Mungu wa maumbile, Muumba, Hakimu Mkuu wa ulimwengu, na kama maongozi ya Mungu yanayotegemewa. Ni lugha ambayo Mkristo wa kawaida aliikubali, na mtu kama Jefferson, ambaye hakuamini miujiza wala Utatu, aliikubali vilevile. Katiba iliyofuata ilinyamaza, isipokuwa katika tarehe yake, iliyoandikwa kwa desturi ya zama hizo kuwa mwaka wa Bwana wetu. Na kifungu chake cha sita kinakataza mtu yeyote kuulizwa dini yake kama sharti la kushika wadhifa wa serikali kuu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoridhiwa Desemba 1791, yanalizuia Bunge kuweka dini ya taifa na kulizuia pia kukataza watu kuabudu.

Lakini wanaotumia nyaraka hizi nao wasipite haraka. Marekebisho hayo wakati ule yaliibana serikali kuu peke yake. Connecticut iliendelea kuwa na kanisa lililotegemezwa na sheria mpaka 1818, na Massachusetts mpaka 1833. Na ule mkataba wa Tripoli, ambao Rais John Adams aliutia saini Juni 1797, ulikuwa chombo cha kidiplomasia cha kuwalinda mabaharia wasitekwe. Kifungu cha 11 hakimo hata katika maandishi ya Kiarabu yaliyobaki. Uzito wake uko katika jambo moja tu, nalo si dogo: maneno yaleyale yalisomwa mbele ya Seneti, miaka kumi tu baada ya Katiba kuandikwa, na hakuna aliyeona haja ya kuyapinga.

Bint Rehema alijibu:

Namshukuru Kalamu ya Kale kwa maelezo yake, hasa ya jiwe la Papa, lakini nahofia kwamba msomaji anaweza kutoka hapa akidhani kuwa dini ni rangi iliyopakwa baadaye juu ya taifa lililoanza bila dini. Hivyo sivyo. Watu waliofika Plymouth na merikebu ya Mayflower, wanaoitwa Mahujaji, waliandika wenyewe katika mapatano yao ya tarehe 11 Novemba 1620, kabla hawajajenga hata kibanda, kwamba safari yao ilikuwa kwa utukufu wa Mungu na kwa kuieneza imani ya Kikristo. Hayo hayakuandikwa na wajukuu zao. Mnara wa Plymouth, uliozinduliwa Agosti 1889 na wenye urefu wa takriban mita 25, ulijengwa karne mbili na nusu baadaye, ni kweli; lakini kuiweka Imani juu, na chini yake Maadili, Sheria, Elimu na Uhuru, si kuwasingizia Mahujaji wale jambo wasilolijua. Wao wenyewe wangelitambua.

Wasichoweza kukitambua ni upole wa picha ile. Kati ya abiria 102, karibu nusu hawakuwa wa lile kusanyiko la kidini lililotoka mji wa Leiden, Uholanzi, na mapatano yale yaliandikwa kwa sehemu kubwa kwa sababu baadhi ya hao wengine walikuwa wakisema kwamba, wakishuka nje ya eneo walilopewa kibali, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuwaamuru. Majira ya baridi ya kwanza yaliua takriban nusu yao. Na nchi waliyoshukia ilikuwa nchi ya Wampanoag, wenyeji wa asili, ambao maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu yalikuwa yamekwisha kuwafyeka miaka michache kabla. Pale pale Plymouth, juu ya kilima cha Cole, watu wa asili wa Marekani wamekuwa wakikusanyika kila sikukuu ya Shukrani tangu 1970 kuiadhimisha kuwa siku ya maombolezo, na tangu 1998 kuna bamba linalolieleza jambo hilo. Mtu aendaye kuitazama Imani asiache kulisoma bamba lile, kwa kuwa vyote viwili viko katika mji mmoja na vinazungumzia mwanzo mmoja.

Kuna sanamu nyingine ambayo naipenda kuliko zote, nayo haitajwi sana katika mabishano haya. Mbele ya jengo la serikali ya jimbo mjini Boston amekaa Mary Dyer, mwanamke wa dhehebu la Quaker, ambaye alinyongwa mjini humo tarehe 1 Juni 1660 kwa kosa la kurudi baada ya kufukuzwa kwa ajili ya imani yake. Waliomnyonga walikuwa Wapuritani wachaji, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali, watu walioikimbia Uingereza ili waabudu walivyotaka. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1959. Ni mnara wa kidini kwa kila hali, na uko kwenye uwanja wa serikali, lakini unachokumbusha ni muumini aliyeuawa na serikali ya waumini. Roger Williams naye, ambaye sanamu yake imo katika jengo la Bunge jijini Washington kwa niaba ya Rhode Island, alifukuzwa Massachusetts kwa kuhubiri kwamba mtawala hana mamlaka juu ya dhamiri, akaanzisha makazi ya Providence mwaka 1636. Hoja yake haikutokana na kutoamini. Aliona kwamba serikali ikilishika kanisa italichafua. Kwa hiyo utenganisho wa dini na serikali, ambao wengine wanausema kana kwamba ni kazi ya wasioamini, una mizizi yake pia ndani ya Wabaptisti na watu wa Quaker waliochapwa viboko na kufungwa. Ndiyo maana barua maarufu ya Jefferson ya tarehe 1 Januari 1802, inayotaja ukuta baina ya kanisa na dola, iliandikwa kuwajibu Wabaptisti wa Danbury waliokuwa wakilalamikia sheria za Connecticut.

Kuhusu kuta ulizozitaja, naomba zisomwe mpaka mwisho wa sentensi. Maneno yaliyozunguka kuba ya kumbukumbu ya Jefferson, iliyozinduliwa Aprili 1943, yanasema ameapa mbele ya madhabahu ya Mungu kuwa adui wa milele wa kila dhuluma juu ya akili ya mwanadamu. Wengi hulisikia neno la madhabahu wakatosheka. Barua yenyewe, ya mwaka 1800 kwa Benjamin Rush, ilikuwa ikiwazungumzia viongozi wa makanisa waliotamani dhehebu lao lifanywe kanisa la taifa. Ukuta mwingine humo una maneno yake kwamba anaitetemekea nchi yake akikumbuka kuwa Mungu ni mwenye haki, na alikuwa akisema habari za utumwa, yeye ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Kwa Lincoln, dini ndiyo kiini chenyewe. Hotuba yake ya tarehe 4 Machi 1865 imechongwa kwenye ukuta wa kaskazini wa jengo lililozinduliwa 1922, nayo haidai hata mara moja kwamba Mungu yuko upande wa Marekani. Anasema pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe zilisoma Biblia ileile na kumwomba Mungu yuleyule, na kwamba maombi ya pande zote mbili yasingeweza kujibiwa. Anasema kwamba, kama Mungu ataka vita iendelee mpaka kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa jingine lililotolewa kwa upanga, bado itabidi kusema maneno ya Zaburi ya 19, kwamba hukumu za Bwana ni kweli, zina haki kabisa. Anayeutumia ukuta ule kuthibitisha kwamba taifa lilibarikiwa amelichukua jina la Mungu na kuiacha hukumu Yake. Na mtu akivuka kidogo kwenda kwenye kumbukumbu ya Martin Luther King, iliyofunguliwa 2011, atakuta maneno ya nabii Amosi juu ya haki inayoshuka kama maji. Hapo dini imechongwa kama shtaka dhidi ya taifa, na naona aibu kwa wale wanaoihesabu katika orodha ya sifa zake.

Ibnu Daftari alijibu:

Naongeza jambo moja kuhusu Mahakama ya Juu, kwa kuwa Nabii Musa hutajwa peke yake na hayuko peke yake. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1935. Kwenye uso wake wa mashariki Musa yuko kati ya Confucius wa China na Solon wa Ugiriki. Ndani ya ukumbi wa mahakama, mchongaji Adolph Weinman alichonga safu ya watoa sheria 18 wa historia: Hammurabi, Musa, Suleiman, Justinian, Charlemagne na wengineo mpaka Napoleon na jaji John Marshall. Miongoni mwao yupo mtu aliyekusudiwa kuwa Mtume Muhammad, ameshika Kurani na upanga.

Mwaka 1997 jumuiya za Waislamu nchini humo ziliomba sanamu hiyo iondolewe au ibadilishwe, kwa sababu Uislamu hauruhusu Mtume kuchorwa wala kuchongwa, na kwa sababu upanga ulikuwa ukitilia nguvu dhana wanayoijua na kuichoka. Jaji Mkuu William Rehnquist alikataa kuigusa kazi ya sanaa ya jengo, akieleza kwamba ilikusudiwa kumheshimu, na kwamba panga zimechongwa kama alama ya haki kwa watu wengine katika safu ile. Lakini maelezo wanayopewa wageni yalibadilishwa ili yaseme wazi kuwa sura hiyo haifanani na Mtume. Naona pande zote mbili zilizungumza kwa adabu, na bado kitu kilichofanywa kwa heshima kimebaki kuwa maudhi kwa wale wanaoheshimiwa. Hata hivyo, kwa swali lililoulizwa, safu ile inaonyesha kwamba waliojenga mahakama hawakumweka Musa pale kama msingi wa Marekani. Walimweka kama mmoja wa walioifundisha dunia sheria.

Pia tusisahau kwamba baadhi ya maneno yanayodhaniwa kuwa ya waasisi ni ya juzi. Kauli ya kwamba tunamtumaini Mungu ilionekana kwenye sarafu kwa mara ya kwanza mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mchungaji mmoja kumwandikia Waziri wa Fedha kuomba sarafu zimtambue Mungu. Ilifanywa kaulimbiu rasmi ya taifa mwaka 1956, wakati wa kushindana na Urusi ya kikomunisti, miaka miwili baada ya jina la Mungu kuingizwa katika kiapo cha bendera.

Msomaji Makini aliuliza tena:

Nawashukuru nyote, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Limebaki moja. Kama minara ni sauti ya wanaoijenga, je, sheria ya Marekani leo inaruhusu mji au jimbo kujenga mnara mpya wa kidini kwenye uwanja wa umma, kwa mfano wa Amri Kumi?

Wakili Mstaafu alijibu:

Ndugu, jibu la mahakama limekuwa likitegemea sana umri wa mnara na nia ya walioujenga, jambo linalokwenda sambamba na alichosema Kalamu ya Kale. Tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili siku moja, zote kwa kura tano kwa nne. Jiwe la Amri Kumi kwenye uwanja wa bunge la Texas, lililotolewa na chama cha Fraternal Order of Eagles mwaka 1961, liliruhusiwa kubaki. Nakala za Amri Kumi zilizotundikwa mwaka 1999 katika majengo ya mahakama ya Kentucky zilikatazwa. Jaji Stephen Breyer ndiye aliyekuwa upande wa walioshinda katika kesi zote mbili, na hoja yake kuhusu Texas ilikuwa kwamba jiwe lile lilikaa miaka 40 kati ya kumbukumbu nyingine bila ugomvi, ilhali kule Kentucky nia ya kidini ilionekana tangu siku ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo, jiwe la zaidi ya tani mbili ambalo Jaji Mkuu wa Alabama, Roy Moore, alilisimamisha mwaka 2001 ndani ya jengo la mahakama ya jimbo liliondolewa kwa amri ya mahakama ya shirikisho, naye akapoteza cheo chake kwa kukataa kutii.

Mwaka 2019 ukafuata msalaba wa Bladensburg huko Maryland, wenye urefu wa mita 12, uliokamilishwa 1925 kuwakumbuka wanaume 49 wa eneo hilo waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia. Majaji saba kwa wawili waliuacha usimame, wakisema muda umeupa maana ya maombolezo na historia, na kwamba kuubomoa sasa kungeonekana kuwa uadui kwa dini. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akaungwa mkono na Sonia Sotomayor: msalaba, kwake, ni alama kuu ya imani ya Kikristo na haugeuki kuwa alama ya askari wote kwa sababu tu umekaa muda mrefu. Mimi naona hoja yake ni nzito kuliko ilivyopokewa, hasa kwa familia ya askari Myahudi.

Lakini kesi inayogusa swali lako moja kwa moja ni ya mji wa Pleasant Grove, Utah, ya mwaka 2009. Bustani ya mji ilikuwa na jiwe la Amri Kumi, na kundi dogo la kidini liitwalo Summum likaomba kuweka jiwe la mafundisho yake saba kando yake. Mji ulikataa, na Mahakama ya Juu, bila jaji hata mmoja kupinga matokeo, ikasema kwamba mnara wa kudumu kwenye uwanja wa umma ni usemi wa serikali yenyewe, hata kama umetolewa na mtu binafsi; kwa hiyo serikali huchagua inachotaka kusema na hailazimiki kumpa kila mtu nafasi. Maana yake ni kwamba kundi dogo haliwezi kudai jiwe lake kwa hoja ya uhuru wa kusema. Njia iliyobaki kwalo ni kuhoji jiwe lililopo kuwa ni kuweka dini ya taifa, au kwenda kuwashawishi madiwani, ambao huchaguliwa na wengi.

Kwa mnara mpya kabisa, usio na umri wa kuutetea, wakili mwangalifu angemshauri diwani asijenge.